Mtoto na Mzingile: Hispania ya Mwaka 1944 Katika Filamu ya Guillermo del Toro

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilianza Julai 1936, vikakoma tarehe 1 Aprili 1939 kwa ushindi wa Jenerali Francisco Franco. Vilikoma kwa tangazo, walakini kwa walioshindwa havikukoma. Magereza yalijaa, chakula kikawa haba, na tangu mwaka 1939 hata 1952 vyakula viligawanywa kwa vyeti vya posho. Mwenye fedha alinunua kwa walanguzi. Asiyekuwa nazo alilala na njaa. Ndiyo majira ambamo Guillermo del Toro, mwongozaji wa filamu wa Meksiko aliyezaliwa Guadalajara mwaka 1964, aliiweka hadithi yake iitwayo El laberinto del fauno, yaani Mzingile wa Fauno. Filamu hiyo ilionyeshwa kwanza Cannes mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikapata tuzo 3 za Oscar.

Kisa chake ni hiki. Ofelia, binti mpenda vitabu, anafuatana na mama yake mjamzito kwenda kukaa na baba wa kambo, Kapteni Vidal, katika kinu cha zamani kilichogeuzwa kuwa kambi ya askari. Kazi ya Kapteni ni kuwasaka wapiganaji waliobaki msituni. Karibu na kinu pana mzingile wa mawe, na ndani yake Ofelia anakutana na Fauno, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, anayemwambia kwamba yeye ni binti mfalme wa ulimwengu wa chini, naye atarudi kwao akitimiza mambo matatu kabla ya mwezi mpevu.

Wako wanaosema kwamba mtoto huyu anaikimbia dhiki kwa kuota. Kauli hiyo haistahimili kupimwa na filamu yenyewe. Katika jambo la pili, Ofelia anaingia chumba chenye meza iliyosheheni vyakula. Mwenye meza ni dubwana lenye ngozi inayoning'inia na macho katika viganja, na pembeni pana lundo la viatu vya watoto. Kapteni naye ana karamu yake: anakaa mbele ya meza iliyojaa, pamoja na wakubwa wa mahali pale na padri, wakizungumza juu ya kupunguza posho ya wanakijiji. Meza ni mbili, ulafi ni mmoja. Mtoto hakuukimbia ukweli; aliuona kwa sura yake, ambapo watu wazima waliuona kwa adabu za mezani.

Askari wa Kapteni wanapogawa mkate, wanatangaza kwamba katika Hispania ya Franco hakuna nyumba isiyo na moto wala mkate. Mkulima mmoja na mwanawe wanakamatwa usiku, wanasema kwamba walikuwa wakiwinda sungura, nao wanauawa. Kisha sungura wanaonekana mkobani mwao. Katika nchi ambamo tangazo la serikali lilikuwa ndoto na neno la mkulima lilikuwa kweli, ni vigumu kumlaumu mtoto kwa kuamini majini.

Del Toro hakuwa wa kwanza kuipita njia hii. Mwaka 1973, Franco angali hai, Víctor Erice alitoa filamu El espíritu de la colmena, juu ya mtoto Ana katika kijiji cha nyanda za Castilla karibu na mwaka 1940. Ana anaona senema ya Frankenstein ya mwaka 1931, kisha anamkuta mtoro aliyejificha katika banda bovu, naye anampa tunda na koti la baba yake. Usiku mtoro anapigwa risasi. Erice alisema kwa kimya kwa kuwa alikuwa chini ya udhibiti wa serikali. Del Toro alikuwa huru kupaza sauti. Tena Meksiko ilikuwa na sababu ya kukumbuka: katika utawala wa Rais Lázaro Cárdenas iliwapokea maelfu ya wakimbizi wa vita hivyo.

Hata hivyo filamu si hati ya historia. Vidal amechorwa mwovu pasi na upungufu, na wapiganaji wa msituni wanapata ushindi ambao wenzao wa kweli hawakuupata. Oktoba 1944 maelfu ya wapiganaji walivuka kutoka Ufaransa na kuingia Bonde la Arán. Baada ya siku chache walirudi nyuma. Mataifa yaliyomshinda Hitler hayakuja kumwondoa Franco, na mwaka 1955 nchi yake ilipokelewa katika Umoja wa Mataifa. Alifia madarakani tarehe 20 Novemba 1975.

Lakini katika jambo moja filamu inaigusa historia pale penye jeraha. Kwa sheria ya Desemba 1941, watoto wa waliokufa au kupotea wakati wa vita waliweza kuandikishwa kwa majina mapya, hivi kwamba jamaa zao wasiwapate tena. Mshindi alichukua nchi, kisha akachukua majina. Katika jambo la tatu, Fauno anamwamuru Ofelia amtoe ndugu yake mchanga ili damu yake kidogo imwagwe. Anakataa, ingawa kukataa kunampotezea ufalme. Na Kapteni anampiga risasi. Utii ulikuwa ndio msingi wa utawala ule, na mtoto aliukataa hata ulipotoka kinywani mwa ndoto yake mwenyewe.

Kapteni anapotoka mzingileni na mtoto mchanga mikononi, wapiganaji wamekwisha kumzunguka. Anamkabidhi mtoto, akiomba aje kuambiwa saa aliyokufa baba yake. Mercedes, mtumishi aliyekuwa akiwasaidia watu wa msituni kwa siri, anamjibu kwamba mtoto hatalijua hata jina lake. Adhabu waliyopewa watoto wa walioshindwa inamrudia mshindi, katika filamu peke yake.