Magari Yalipokuwa Makubwa

Asubuhi moja nilisimama kandokando ya barabara pale Mbagala Rangi Tatu nikisubiri usafiri wa kwenda mjini. Kijana mmoja, mtoto wa jirani yangu, akasimamisha kigari chake, Toyota Vitz, akafungua mlango. "Shikamoo mzee. Twende." Nikaitikia, nikamshukuru, nikaingia. Magoti yangu yakagusa dashibodi, na kofia ikagusa paa. Tulipofika Zakhem nilishindwa kujizuia, nikatamka lile neno ambalo sisi wazee hupenda kulitamka: "Zamani, kijana wangu, magari yalikuwa magari."

Kijana akacheka kwa adabu. "Kweli mzee. Lakini baba huwa anasema hiyo zamani mlikuwa mnakwenda mjini kwa miguu."

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na kurasa hizi ndizo nilichokipata.

Niliposema magari, nilikuwa na picha mbili kichwani. Ya kwanza ni ya Peugeot 404 ya baba yangu mdogo, aliyekuwa dereva wa teksi Kariakoo. Gia yake ilikuwa shingoni mwa usukani, na kiti cha mbele kilikuwa kama benchi la sebuleni. Baadaye ikaja 504, na ile stesheni yake yenye safu tatu za viti ilibeba familia nzima pamoja na kuku, mkungu wa ndizi na godoro juu ya keria.

Picha ya pili sikuiona barabarani bali kwenye kitambaa cheupe. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, kule Msasani. Sisi watoto tulipelekwa mara moja moja, tumejazana nyuma ya Land Rover kama dagaa. Humo ndimo nilimoona kwanza magari ya Kimarekani: Cadillac, Chevrolet, marefu kama mtumbwi, yenye mapezi nyuma kama papa. Mtu mmoja tu alikuwa anaendesha, peke yake, katika gari ambalo kwetu lingebeba harusi. Sinema ile ilikufa zamani, na uwanja wake ndiko ulikojengwa ubalozi mpya wa Marekani baada ya ule wa awali kulipuliwa mwaka 1998.

Mjini kwetu magari ya namna ile yalikuwa machache sana. Waingereza walituachia kuendesha upande wa kushoto, na usukani wa Mmarekani uko upande usiofaa. Hata Ford tulizozizoea zilitoka Uingereza, na zilikuwa ndogo. Mkubwa wa hapa alipotaka kuonyesha ukubwa wake alipanda Mercedes-Benz, na Kiswahili, ambacho hakikawii kumpa mtu jina lake, kikamwita Mbenzi. Kufikia Azimio la Arusha la mwaka 1967, kila mtu alijua kabila la Wabenzi ni lipi, na kwamba halina kijiji.

Lakini kwa watu wa Temeke na vitongoji vyake, gari kubwa halikuwa la mtu mmoja. Gari kubwa lilikuwa basi. Tangu mwaka 1949 mabasi ya jiji yaliendeshwa na kampuni ya DMT. Serikali iliitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 kazi ya usafiri wa jiji ikakabidhiwa shirika jipya, Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Ndipo tulipoyajua yale mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, mabasi mawili yaliyounganishwa katikati kwa kitu mithili ya kinanda. Yalikuwa na urefu wa mita 16 na nusu, na yalimeza watu zaidi ya mia moja. Wananchi wakayaita kumbakumba, kwa kuwa hayakumwacha mtu.

Sisi vijana tulipenda kusimama pale katikati, kwenye maungio. Basi likikata kona, sakafu inazunguka chini ya miguu yako. Unamwona abiria wa mbele akielekea kushoto wakati wewe bado unatazama kulia. Humo alikuwamo karani mwenye mkoba, kuli wa bandarini, mama mwenye kapu la dagaa, na mwanafunzi mwenye kaptula. Wote walisukumana sawasawa. Hilo ndilo basi ninalolikumbuka ninaposema magari yalikuwa magari.

Sasa niseme na yale ambayo kumbukumbu hupenda kuyaficha. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Kati ya 1978 na 1979 tulikuwa vitani na Idi Amin. Fedha za kigeni zikaadimika, na bila fedha za kigeni hakuna kipuri, na bila kipuri basi la mita 16 ni chuma kilichopaki. Miaka ile ya mwanzo ya 1980 magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kuokoa mafuta. Jiji nalo lilikuwa linafura. Sensa ya 1978 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 843,000 hivi. Ya 1988 ikahesabu zaidi ya milioni moja na laki tatu. Watu wakaongezeka, mabasi yakapungua. Kijana wa Vitz alisema kweli: tulitembea. Kutoka Mbagala tulitoka alfajiri na viatu mkononi, tukavivaa tulipokaribia kazini.

Mwaka 1981 mke wangu alishikwa na uchungu usiku. Mbagala ya wakati huo ilikuwa mikorosho na minazi, nyumba mojamoja, giza totoro. Hapakuwa na gari la kukodi wala simu ya kumwita mwenye gari. Nilimshika mkono tukaenda polepole hadi Barabara ya Kilwa, tukakaa juu ya jiwe. Baada ya muda ambao sikuupima likaja lori la mkaa kutoka upande wa Mkuranga, Bedford kuukuu, taa moja imekufa. Nikapunga mikono. Dereva akasimama, akatutazama, akamwambia utingo wake, "Panda juu ya mkaa." Kisha akamwambia mke wangu, "Ingia, mama." Mimi nilipanda juu na utingo. Binti yetu alizaliwa saa kumi na moja alfajiri, hospitalini, salama. Mashuka tuliyokuwa tumebeba yalikuwa meusi kwa mkaa.

Dereva yule hakutaka hata nauli. Jina lake sikuliuliza, na hadi leo najilaumu.

Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria jijini. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano tuliiita dala; ndiyo asili ya daladala. Yakaja na yale malori madogo na pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, abiria wakikaa uso kwa uso kama wateja wa mgahawa, na kwa hiyo tukayaita chai maharage. Biashara ilipolegezwa zaidi, miaka ya 1990 zikamiminika Toyota HiAce zilizotumika Japani, nchi ambayo nayo inaendesha kushoto. Tukaziita vipanya. Kutoka kumbakumba hadi kipanya: majina yenyewe yanakupa historia yote.

Ningekuwa mnafiki nikisema vipanya vilituharibia maisha. Vilitutoa kifungoni. Ghafla mtu wa Mbagala aliweza kutoka nyumbani saa kumi na mbili akafika kazini saa moja na nusu. Mwenye fedha kidogo alinunua kimoja, akaajiri dereva na konda, na familia tatu zikala. Lakini udogo ule ulikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo ilimwangukia binti yangu.

Alipoanza sekondari, shule yake ilikuwa njia ya kwenda mjini. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa pungufu ya ile ya mtu mzima. Kila asubuhi alisimama kituoni na wenzake, sare nyeupe na sketi ya bluu, na kila kipanya kilichokuja kilipunguza mwendo, konda akaziona sare, akapiga bodi mara mbili, gari likaondoka. Wakijaribu kudandia walisukumwa. Mara nyingi alifika shule kipindi cha pili kimekwisha, akaadhibiwa kwa kuchelewa. Siku moja alirudi na goti limechubuka, soksi imelowa damu. Nilikwenda kituoni kesho yake nikiwa na hasira za kupigana. Konda niliyemkabili alikuwa kijana mdogo, pengine hakumzidi binti yangu miaka mitano. Akaniambia, "Mzee, bosi anataka hesabu yake jioni. Nina viti kumi na nane. Nikijaza madenti sita, mimi nitakula nini?"

Nilirudi nyumbani bila kupigana. Katika kumbakumba, mtoto mmoja kati ya watu mia hakuwa hasara kwa mtu yeyote, alijibanza tu. Katika kipanya, kila mtoto alikaa juu ya ugali wa konda. Huruma ileile ambayo katika gari kubwa haikugharimu kitu, katika gari dogo iligharimu chakula cha jioni.

Wakati mwingine huwafikiria Wamarekani wa ile sinema ya Msasani. Nao mafuta yaliwabana mwaka 1973. Mwaka 1977 kampuni ya General Motors iliyapunguza magari yake makubwa: Chevrolet Impala ikapoteza zaidi ya robo mita ya urefu na zaidi ya kilo 200 za uzito. Kule wapo wanaoyalilia magari yale mpaka leo, na nawaelewa. Lakini baadaye ukubwa ulirudi kwa mlango mwingine, kwa magari marefu ya kwenda juu na pikapu zisizobeba mzigo. Hapa kwetu pia ulirudi, na Kiswahili kikalipa jina kwa mara nyingine: shangingi, ile Land Cruiser ya mkubwa, vioo vyeusi, mara nyingi na mtu mmoja nyuma. Ukilipima, ni refu kuliko Peugeot 504 ya zamani. Kwa hiyo si kweli kwamba magari yalikuwa madogo. Lililokuwa dogo ni gari la watu wengi. La mtu mmoja lilizidi kunenepa.

Hata hivyo nisiwadharau wenye Vitz, IST na Starlet. Mwalimu na nesi, ambao katika ujana wangu wasingeota kumiliki gari, leo wanampeleka mgonjwa hospitali usiku bila kukaa juu ya jiwe kusubiri lori. Hilo si jambo dogo, hata kama gari ni dogo.

Basi refu nalo limerudi. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka, tunayoyaita mwendokasi, yalianza kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwamo yale ya mita 18 yenye maungio katikati. Halafu Barabara ya Kilwa ikachimbwa, ikamwagwa zege, vituo vikajengwa katikati yake hadi huku Mbagala, tukavitazama kwa muda mrefu vikiwa havina basi. Mwaka 2025 mabasi yakaanza kubeba abiria. Mkoa ambao mwaka 1978 ulikuwa na watu 843,000, kwa sensa ya 2022 una zaidi ya milioni tano na laki tatu. Hawa hawabebeki kwa vipanya, wala kwa Vitz.

Binti yangu sasa ni mtu mzima na ana watoto. Nilimuuliza anakumbuka nini kuhusu daladala za wakati ule, nikitegemea aseme habari ya goti. Akafikiri. "Kulikuwa na konda mmoja," akasema, "alikuwa anatupandisha wawili kila siku. Anatukalisha juu ya injini, nyuma ya dereva. Panachoma! Lakini tulifika." Goti alikuwa amelisahau. Nilipomkumbusha alilitazama kama la mtu mwingine.

Asubuhi ile, nilikuwa bado sijampata kijana jibu tulipofika Mtongani. Wanafunzi watatu walikuwa wamesimama kituoni, mikoba mgongoni. Kijana akapiga breki, akageuka kwangu. "Samahani mzee, sogeza kiti mbele kidogo, wakae." Nikasogeza. Magoti yangu sasa yalikuwa karibu na kidevu.

Jibu langu kwa kijana basi ni hili: baba yako amesema kweli, na mimi pia sikusema uongo. Tulitembea, na magari yalikuwa makubwa. Nafasi haipimwi kwa mita. Lakini asikudanganye mtu, mita nazo zinasaidia.