Mirihi na Wanafalaki wa Ridhaa: Kutoka Madeira 1877 hadi Bunia 2003

Jina Mirihi limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika unajimu wa kale sayari hiyo ilihusishwa na vita. Mwanafunzi wa Bunia, asomaye kwa Kifaransa, huijua zaidi kwa jina la Mars, mungu wa vita wa Warumi. Majina ni mawili, dhana ni moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uchunguzi wa Mirihi umetegemea zaidi mahali pa kusimama, uaminifu wa jicho na utulivu wa usiku kuliko ukubwa wa darubini.

Mnamo mwaka 1877 Mirihi iliikaribia sana Dunia. Huko Milano, Giovanni Schiaparelli alichora mistari aliyoiita kwa Kitaliano "canali". Neno hilo laweza kumaanisha mikondo ya asili, lakini Waingereza walilifasiri kuwa mifereji iliyochimbwa. Baadaye Percival Lowell, tajiri wa Kimarekani, alishikilia kuwa ilichimbwa na viumbe wenye akili. Mwaka ule ule wa 1877, Nathaniel Green, mchoraji wa Kiingereza na mwanafalaki wa ridhaa, alisafiri na darubini yake hadi kisiwa cha Madeira, ambako sayari ilipanda juu zaidi ya hewa nzito ya upeoni. Yeye alichora vivuli laini, wala si mtandao wa mistari. Mwaka 1965 picha za chombo Mariner 4 hazikuonyesha mfereji wowote.

Kile alichokifuata Green, Bunia inacho tayari, kwa kuwa ipo karibu na ikweta. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilikuwa umbali wa kilomita milioni 56 hivi, karibu kuliko wakati wowote katika takriban miaka 60,000. London iliiona ikifika nyuzi 23 tu juu ya upeo; Bunia, nyuzi 72 hivi. Lakini mji ulikuwa umetoka katika mapigano ya Mei, wakazi wengi walikuwa wamekimbia, na askari wa Umoja wa Ulaya wa Operesheni Artemis walikuwa wakiulinda. Nani angekaa uani usiku kuchora sayari?

Mirihi itakaribia tena Septemba 2035. Tuwaandae wanafunzi kwa darubini ndogo, daftari, na istilahi zinazotenganisha mkondo na mfereji. Amani ya usiku, hata hivyo, haipatikani kwa kamusi. Hiyo yawapasa wenye silaha kuirudisha.