Jua lageuza masalio ya dizeli ya mimea kuwa kemikali za thamani

DIZELI ya mimea hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta ya mbegu na methanoli pamoja na kichocheo, kisha kuupasha moto mchanganyiko huo. Dizeli huelea juu, na chini hutuama gliserini, kioevu kizito chenye utamu. Kila tani 10 za dizeli huacha takriban tani moja ya gliserini.

Gliserini safi hununuliwa na watengenezaji wa dawa na vipodozi. Hii ya viwanda vya dizeli, hata hivyo, huwa imejaa methanoli, chumvi na masalio ya sabuni, na kuisafisha ni ghali. Viwanda hivyo vilipoongezeka Ulaya na Marekani katika miaka ya 2000, bei yake iliporomoka, na nyingine ikaishia kuchomwa tu. Ndipo watafiti walipogeukia jua, ambalo laweza kuibadilisha bila joto kali.

Msingi wa mbinu hiyo uliwekwa Japani mwaka 1972, Akira Fujishima na Kenichi Honda walipopasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa kumulika titani dioksidi. Leo hii kemikali hiyo ndiyo unga mweupe utiwao katika rangi za nyumba. Madini yake yalichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwishoni mwa 2024. Mwanga ukiupiga unga huo, elektroni huruka na kuacha pengo, nalo pengo hunyang'anya elektroni za chochote kilicho karibu. Maji hutoa elektroni zake kwa shida, gliserini kwa wepesi.

Ikizipoteza, gliserini huweza kuwa dihidroksiasetoni, ambayo Wazungu hujipaka ili waonekane wamechomwa na jua, au asidi ya laktiki, ile ile iyapayo maziwa lala ukali na ambayo hutengenezewa plastiki zinazooza. Haidrojeni pia hupatikana.

Kazi ngumu ni kuusimamisha mgeuko huo katikati. Ukiachwa uendelee, gliserini yote huishia kuwa hewa ya kaboni, yenye thamani ndogo. Isitoshe, titani dioksidi hutumia miale ya urujuanimno pekee, takriban asilimia 5 ya nishati ya jua, na ndiyo sababu baadhi ya watafiti wanajaribu bismathi vanadeti, inayonasa mwanga uonekanao kwa macho. Mengi ya majaribio hayo hufanywa kwa gliserini safi ya maabara na kwa taa. Chumvi na sabuni zilizomo katika gliserini ghafi huweza kukidhoofisha kichocheo.