Hewa na Uasidi katika Matanuri ya Chuma ya Ufipa
Insha hii inajadili sababu za wahunzi wa Ufipa kutumia matanuri mawili. Katika ilungu, tanuri la udongo lenye kimo cha takribani mita 3, hewa ilivutwa na joto lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kwa mkondo huo wa polepole, mkaa ulitoa monoksidi ya kaboni, gesi iliyoondoa oksijeni katika mawe ya chuma. Hewa ikizidi, chuma hurudi kuwa oksidi. Ikipungua, joto halitoshi. Silika, ambayo ni oksidi ya kiasidi, iliungana na sehemu ya oksidi ya chuma ikawa mavi ya chuma: uchafu ulitoka, lakini chuma kiasi kilipotea nao. Bonge lililobaki lilisafishwa katika kintengwe, tanuri dogo la mivukuto, kisha likafuliwa majembe.

Kwa hiyo, kukosekana kwa mivukuto katika ilungu si ushahidi wa uduni wa ufundi. Utafiti wa Bertram Mapunda huko Nkansi, uliobainisha pia teknolojia ya katukutu, unaimarisha hoja hiyo: wahunzi wa eneo hili walijua zaidi ya njia moja.