Taa Nyekundu na Usukani Unaotetemeka: Lisome Land Cruiser Lako Kuukuu Kabla ya Kumlipa Fundi

Ukipita Kinango, Garsen au Hola, gari utakaloliona limebeba magunia, mbuzi na mgonjwa kwa safari moja ni pikapu ya Land Cruiser ya miaka ya 90. Mengi yana injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, iliyoanza kutoka mwaka 1990. Injini hiyo ni ngumu kufa. Vilivyoizunguka ndivyo vinavyochoka.

Mimi ninalo moja la mwaka 1996. Diploma yangu si ya umakanika, na haya ninayoyajua nimeyajua kwa kulipa. Nilipolinunua, likifika kasi ya 60 hivi na kukanyaga shimo, usukani ulianza kucheza kushoto na kulia kwa nguvu hata mikono ikashindwa. Gereji ikanibadilishia dampa ya usukani. Mwezi haukuisha, mchezo ukarudi. Ikawekwa dampa nyingine. Mara ya tatu nilikuwa na mama mzazi kando yangu na lori linatujia mbele. Alhamdulillahi tulipita, lakini siku hiyo niliapa sitanunua tena spea kwa kubahatisha.

Tuanze na taa. Washa swichi bila ya kupiga stata. Taa zote za onyo zinatakiwa ziwake: oili, betri, breki na ile iliyoandikwa T-BELT. Isiyowaka imeungua au imeng'olewa. Unayekwenda kununua gari, fanya hivi mbele ya muuzaji na umtazame uso. Taa ya T-BELT ndiyo inayopotea sana, kwa sababu huwaka ukifika wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi. Ujue kwamba taa hiyo haiuangalii mkanda wenyewe, inahesabu kilomita tu. Ikiwa imezimwa bila ya mkanda kubadilishwa, wewe unabaki na mkanda mkongwe, na ukikatika pistoni zinaweza kugonga valvu.

Atakayekwambia anataka kulichomekea gari hili kompyuta ili asome makosa ya injini, mshukuru na uondoke. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Hakuna cha kusoma.

Taa ya oili ikiwaka njiani, zima injini hapo hapo, usisubiri kufika kituoni. Ile ya chujio la dizeli maana yake maji yamekusanyika chini ya chujio: legeza skrubu ya chini, pampu kwa mkono hadi itoke dizeli safi, kisha kaza. Wanaonunua dizeli ya madumu huizoea taa hii.

Taa ya breki ina sababu kadhaa. Tazama kwanza kama breki ya mkono imeshuka yote, kisha kopo la mafuta ya breki. Mafuta yakiwa yamepungua, ama pedi zimekwisha ama kuna mahali panavuja. Kuongeza mafuta na kuendelea na safari ni kuizima taa tu, ugonjwa uko pale pale.

Sasa hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana hapa watu hufa. Taa ya betri na ya breki zikiwaka kwa pamoja, wengi hudhani ni waya zimeliwa na chumvi ya bahari. Huenda ikawa, kwani huku kwetu waya ya ardhi ya betri huoza haraka. Lakini kwenye 1HZ, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Mikanda ya alteneta ikikatika, umepoteza chaji, umepoteza pampu ya maji, na kanyagio la breki litabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu kabla halijawa gumu kama jiwe. Punguza mwendo mapema, egesha, fungua boneti. Mikanda ikiwa mizima, pima betri kwa mita injini ikinguruma: chini ya volti 13, alteneta haichaji. Mikanda ya akiba ikae garini daima.

Turudi kwenye usukani. Swali la kwanza ni mtetemo unakuja lini. Ukija kwenye kasi ya 80 au 90 na kupungua ukizidisha, ni balansi ya magurudumu, au tope limeganda ndani ya ringi. Ukija unapokanyaga breki tu, tazama diski. Ukiusikia zaidi kwenye kiti kuliko mikononi, angalia magurudumu ya nyuma na misalaba ya propela shafti, ambayo aghalabu inalilia grisi.

Ukianza baada ya shimo na usiishe hadi upunguze mwendo, hapo ekseli ya mbele ina kitu kilicholegea. Inua gurudumu moja kwa jeki, tia na stendi. Likamate juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, mbili kila upande. Kisha likamate kushoto na kulia. Likicheza hapo, tazama viungo vya tairodi. Mafuta meusi mazito yakichuruzika kwenye lile tufe nyuma ya gurudumu, sili ya ndani imekwisha, na oili ya difu inaosha grisi ya beringi.

Langu lilikuwa kingpini. Dampa ilikuwa inaficha ulegevu, nayo ikafa kwa kazi isiyo yake. Fundi wa pili, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alibadilisha beringi zote nne pamoja na sili, akapima mkazo wa kila upande kwa mizani ya samaki aliyoinasa kwenye mkono wa usukani. Nilicheka. Akaniambia kipimo chenyewe kimo katika kitabu cha gari, mizani ni mizani. Akitokea fundi anayezikaza kwa kukisia, mwulize amejuaje kwamba zimetosha.

Baada ya kazi hiyo pima alaimenti, uzikaze tena nati za magurudumu ukishatembea kilomita 100 hivi, kisha lipitishe gari kwenye shimo lile lile kwa kasi ile ile, ukiwa peke yako na barabara ikiwa tupu.