Tablo mpya ndani ya pikapu ya zamani: mishale ya Kamina ilitoka wapi?

KAMINA, Haut-Lomami. Pikapu inayopanda kutoka Bukama, imejaa samaki wa kukausha, magunia ya mihogo na watu waliokaa juu ya magunia, ina kitu kimoja ambacho abiria hawakitazami. Ni tablo, kile kisanduku cha mishale mbele ya shofere: mwendo, mazutu, joto la injini. Katika pikapu nyingi za huku tablo hiyo haikuzaliwa pamoja na gari. Ilitolewa kwenye gari nyingine, mara nyingi gari changa kuliko hiyo inayoibeba. Jinsi tablo hizo zilivyotufikia ni historia ya jimbo hili, na jinsi zinavyofungwa ni jambo la usalama wa kila anayepanda.

Kamina ulikuwa mji wa reli kabla ya kuwa mji wa motokari. Reli ya BCK ilifika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 njia ilifunguliwa mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ikipita hapa Kamina, na mwaka 1956 tawi la kwenda Kabalo lilimalizika. Wakati wa Wabelgiji, gari lilishuka kwenye wagoni likiwa zima, volani kushoto, na kipuri kilichovunjika kiliagizwa kwa njia hiyohiyo ya reli. Fundi hakuwa na sababu ya kuchanganya magari mawili.

Hali hiyo ilivunjika polepole. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza hatua iliyoitwa zairianizasyo: maduka, mashamba na kampuni za wageni zilipewa Wazaire. Nyingi zilikufa, na zilizokuwa zikileta vipuri zilikufa pia. Reli nayo ikaanza kuchoka. Ulipokuja uporaji wa 1991, gari lililosimama halikungoja tena kipuri kutoka Ulaya. Lilingoja gari lingine life. Hapo ndipo fundi wa Katanga alipojifunza kazi anayoifanya mpaka leo, ya kumponya mmoja kwa viungo vya mwingine. Watu huicheka kazi hiyo, lakini bila yake vijiji vingi visingeona gari hata moja.

Kisha ikaja njia ya Japani. Toyota ilianza kuuza Hilux mwaka 1968, na Land Cruiser za mfululizo wa 70 mwaka 1984. Zilizotumika zilipoanza kuvuka bahari kwa wingi, zilituingilia kupitia Dar es Salaam na Durban, kisha Zambia, kisha mpaka wa Kasumbalesa. Japani, Tanzania na Zambia magari hupita upande wa kushoto wa barabara, na volani iko kuume. Kongo tunapita kuume. Kwa hiyo magaraji ya Lubumbashi yakawa na kazi mpya ya kuhamisha volani. Kazi hiyo inadai dashibodi nzima ya upande wa kushoto, na dashibodi huja na tablo yake, iwe ya mwaka wa gari au ya miaka kumi baadaye.

Chanzo kingine ni vita. Mapigano ya Mayi-Mayi katikati ya miaka ya 2000 yalikimbiza familia nyingi upande wa Mitwaba, na baadaye eneo la Manono, Mitwaba na Pweto likapata jina la pembetatu ya kifo. Nyuma ya wakimbizi yalikuja mashirika na Land Cruiser nyeupe, volani kushoto tangu kiwandani. Shirika likifunga mradi, magari huuzwa. Jamaa waliopoteza mashamba wakichanga pesa kununua pikapu ya kubeba mizigo, mara nyingi wananunua gari la namna hiyo, au gari lililotengenezwa kwa vipande vyake. Hapo swali la tablo linaacha kuwa la fundi peke yake.

Kwenye pikapu ya zamani, mshale wa mwendo hauhitaji umeme. Kable nyembamba inatoka kwenye sanduku la gia na kuzungusha sumaku ndani ya kikombe cha aluminiamu. Sumaku inavuta kikombe bila kukigusa, na kikombe kinasukuma mshale. Hati ya ubunifu huo aliipata Otto Schulze wa Strasbourg mwaka 1902, na kwa karibu karne nzima dunia haikubadili sana. Kwa kipimo cha Kijapani, kable huzunguka mara 637 kwa kila kilomita. Tablo mpya haina mahali pa kuchomeka kable. Inasubiri midundo ya umeme kutoka kwenye sonda, na sonda iliyo ya kawaida kwa Toyota hutoa midundo minne kwa kila mzunguko, yaani 2,548 kwa kilomita. Kwa hiyo fundi lazima afunge sonda pale kable ilipotoka. Asipofanya hivyo mshale unalala kwenye sifuri, na hesabu ya kilomita inalala nao.

Mwendo usiojulikana ni hatari, lakini shofere mzoefu huusikia kwa masikio. Mazutu ataipima kwa kijiti. Joto halisikiki wala halipimwi kwa kijiti, na hapa ndipo injini nyingi zinapokufa.

Ndani ya injini kuna sonda ndogo ambayo upinzani wake kwa umeme hupungua kadiri maji yanavyopata joto. Tablo husoma upinzani huo na kuugeuza kuwa mshale. Lakini kila tablo imetengenezwa kwa sonda yake. Ukiunganisha tablo mpya na sonda ya zamani, taa zitawaka vizuri, mshale utapanda vizuri, kila kitu kitapendeza, na mshale unaweza kusimama katikati wakati maji yanachemka. Tena tablo nyingi za miaka ya karibuni zimepangwa mshale utulie katikati katika nafasi pana ya joto, ili mwenye gari asisumbuke bure. Aliyezoea mshale wa zamani, unaocheza katika kila mlima, huona mshale uliotulia na kudhani injini imepona.

Kamina iko juu ya mita 1,000. Huku maji ya wazi huchemka kabla ya kufika nyuzi 97. Kifuniko cha radiatere kikichoka, nafasi ya kujiokoa inakuwa ndogo zaidi. Na gari linalotoka bonde la Upemba linapanda mamia ya mita likiwa na mzigo. Likiungua njiani, wenye samaki wanapoteza samaki, na mama mwenye mtoto mgonjwa analala porini.

Kuna mtego mwingine mdogo. Kwenye magari mengi taa nyekundu ya batri si taa tu; umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha alternateri. Fundi akiiacha taa hiyo bila waya kwa sababu tablo mpya imeiweka mahali pengine, batri inaweza kuisha usiku huohuo. Na baadhi ya Land Cruiser za zamani zinatumia volti 24. Tablo ya volti 12 ikichomekwa humo inaungua mara moja.

Kuhusu kununua: kilomita zinazoonekana ni za tablo, si za gari. Gari lenye laki nne linaweza kuonyesha elfu themanini bila mtu yeyote kuwa mwizi. Uwizi unaanza pale muuzaji anaponyamaza. Fundi mwaminifu huandika ndani ya mlango tarehe aliyobadili na hesabu zote mbili.

Kupima kazi hakuhitaji mashine. Sonda ya joto hutolewa, ikaunganishwa na tablo kwa waya mrefu, mwili wake ukafungwa waya wa kurudi kwenye chuma cha gari, kisha ikachovywa katika sufuria ya maji yanayochemka: mahali mshale unaposimama pawekwe alama ya rangi kwenye kioo, na shofere ajue kwamba hapo anasimama. Isipofika popote, itafutwe sonda ya gari ileile tablo ilikotoka. Kwa mwendo, kwenye barabara tupu, simu yenye GPS inatosha. Asiye na simu hiyo anahitaji kilomita moja iliyopimwa na saa ya mkono: mshale ukikaa kwenye 60, kilomita hiyo lazima iishe kwa sekunde 60.