Besiboli: Namna ya kulea na kulinda mkono wa mrushaji chipukizi

KATIKA mchezo wa besiboli hakuna mchezaji anayetegemewa kuliko mrushaji, wala hakuna kiungo kinachotumikishwa kuliko mkono wake. Mchezo hauanzi mpaka asimame juu ya tuta na kumrushia mpigaji mpira wenye uzito wa gramu 145 hivi. Mrushaji mtu mzima hurusha kutoka umbali wa mita 18.44. Mtoto wa umri wa hadi miaka 12 katika mashindano ya Little League hurusha kutoka mita 14.

Kwa miaka mingi makocha waliamini kwamba mkono unaouma ni mkono dhaifu, na kwamba tiba yake ni kurusha zaidi. Utafiti uliofanywa tangu miaka ya tisini umeonyesha kinyume. Mikono mingi ya vijana huharibiwa na wingi wa mirusho bila mapumziko ya kutosha, na zaidi ya yote na kurusha wakati mkono umekwisha kuchoka. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya anayemfundisha mrushaji chipukizi ni kuhesabu.

Kinachotokea mkononi

Nguvu ya mrusho haianzii mkononi. Huanzia mguuni, hupanda kwenye nyonga na kiwiliwili, kisha hupita begani na kiwikoni hadi vidoleni. Kwa mrushaji mtu mzima wa kiwango cha juu, bega huzunguka kwa kasi inayofikia nyuzi 7,000 kwa sekunde, sawa na mizunguko 19 kwa sekunde lau mkono ungeweza kuendelea kuzunguka. Huo ni miongoni mwa mienendo ya kasi zaidi iliyowahi kupimwa katika mwili wa binadamu.

Wakati huo upande wa ndani wa kiwiko huvutwa kwa nguvu, huku upande wa nje ukibanwa. Kinachozuia kiwiko kisifunguke ni ligamenti, yaani utepe mgumu unaounganisha mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa kigasha. Misuli ya kigasha husaidia kuubeba mzigo huo. Misuli ikichoka, sehemu kubwa ya mzigo huiangukia ligamenti.

Jeraha hili haliwapati wachezaji wa besiboli peke yao. Mtaalamu Waris aliwahi kulieleza mwaka 1946 baada ya kuwachunguza warusha mkuki nchini Finland. Wakenya waliomtazama Julius Yego akinyakua dhahabu ya dunia jijini Beijing mwaka 2015 hawatapata shida kuelewa ni mzigo wa aina gani unaozungumziwa.

Mifupa ingali inakua

Kwa mtoto, sehemu iliyo dhaifu zaidi huwa si ligamenti. Karibu na ncha za mifupa yake kuna tabaka la gegedu ambamo mfupa hurefukia, na tabaka hilo huumia kabla ya ligamenti kukatika. Mvuto unaorudiwa siku baada ya siku hulifanya livimbe na hata kuachana na mfupa.

Likiumia upande wa ndani wa kiwiko, madaktari wa Marekani hulitaja jeraha hilo kama "kiwiko cha Little League", nalo lilielezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1960. Likiumia sehemu ya juu ya mfupa wa mkono, huitwa "bega la Little League". Yote mawili kwa kawaida hupona kwa kupumzika wiki au miezi kadhaa iwapo yatagunduliwa mapema. Yakipuuzwa, kipande cha mfupa chaweza kung'oka na kulazimu upasuaji. Kijana anapokamilisha kukua, tabaka hilo hugeuka mfupa mgumu na hatari huhamia kwenye ligamenti.

Upasuaji wa Tommy John

Hadi mwaka 1974, mrushaji aliyekatika ligamenti ya kiwiko alijua kwamba kazi yake imekwisha. Mnamo Septemba 25 mwaka huo, Dkt Frank Jobe alimfanyia upasuaji Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers. Alichukua kano kutoka mkono wake wa kulia na kuitia katika kiwiko cha kushoto badala ya ligamenti iliyoharibika. John alirejea uwanjani mwaka 1976 akaendelea kucheza hadi mwaka 1989. Alishinda jumla ya michezo 288, na 164 kati yake aliishinda baada ya upasuaji huo ambao sasa unaitwa kwa jina lake.

Mafanikio hayo yalizaa dhana potofu. Katika utafiti wa maoni uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2012, takriban nusu ya wachezaji wa shule za sekondari waliohojiwa waliona kwamba upasuaji huo ungeweza kufanyiwa hata mchezaji asiye na jeraha ili kuboresha urushaji wake. Ukweli ni kwamba anayepasuliwa hukaa nje ya mashindano mwaka mmoja au zaidi, na si kila mmoja hurejea katika kiwango chake cha awali. Shohei Ohtani, nyota wa Japani, alipasuliwa kiwiko mwaka 2018 na akalazimika kupasuliwa tena mwaka 2023.

Linalotia wasiwasi zaidi ni umri wa wagonjwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 ulibainisha kwamba zaidi ya nusu ya waliofanyiwa upasuaji huo Marekani kati ya 2007 na 2011, katika kumbukumbu za bima zilizochunguzwa, walikuwa vijana wa miaka 15 hadi 19.

Vyanzo vya majeraha

Taasisi ya utafiti wa tiba ya michezo iliyoko Birmingham, Alabama, ndiyo iliyochunguza suala hili kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2006 watafiti wake waliwalinganisha vijana waliopasuliwa bega au kiwiko na wenzao wasio na majeraha. Waliokuwa wakirusha mara kwa mara huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa katika kundi la waliopasuliwa. Waliorusha mashindanoni zaidi ya miezi minane kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara tano zaidi, na waliozidisha wastani wa mirusho 80 kwa mchezo karibu mara nne.

Mwaka 2011 taasisi hiyo ilitoa matokeo ya kuwafuatilia warushaji wachanga 481 kwa miaka 10. Waliorusha zaidi ya vipindi 100 vya mchezo katika mwaka mmoja walikuwa na hatari mara tatu na nusu zaidi ya kuumia vibaya.

Kuhusu mpira wa kupinda, ambao wazee wengi huulaumu, matokeo hayajaafikiana. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba mpira wa kasi huulemea mkono wa kijana sawa na wa kupinda au hata zaidi. Hata hivyo, uchunguzi wa viwanjani uliihusisha mipira ya kupinda na maumivu. Ushauri wa kawaida ni mtoto kuumudu kwanza mpira wa kasi na ule wa kupunguza mwendo, kisha aongeze mwingine baada ya kutimiza miaka 13.

Chanzo kingine ni uchu wa kasi. Ripoti ya ligi kuu ya Marekani ya Desemba 2024 ilieleza kwamba wastani wa kasi ya mpira wa kasi ulipanda kutoka kilomita 147 kwa saa mwaka 2008 hadi takriban 152 mwaka 2024. Ripoti hiyo ilitaja juhudi za kurusha kwa nguvu zote kila mara kuwa miongoni mwa sababu za kuongezeka kwa majeraha, na ikaonya kwamba vijana wanaiga mtindo huo.

Kuhesabu mirusho

Little League ilianza kuweka kikomo cha mirusho mwaka 2007, badala ya kuhesabu vipindi. Kipindi kimoja chaweza kuisha kwa mirusho minane au kwa 40, hivyo hakikuwa kipimo cha kutegemewa. Mwaka 2014 ligi kuu na shirikisho la besiboli la Marekani zilitoa mwongozo ufuatao wa idadi ya juu kwa siku:

Miaka 7 hadi 8: mirusho 50
Miaka 9 hadi 10: mirusho 75
Miaka 11 hadi 12: mirusho 85
Miaka 13 hadi 16: mirusho 95
Miaka 17 hadi 18: mirusho 105

Mapumziko nayo yana hesabu yake. Kwa mtoto wa miaka 14 au chini, mirusho 21 hadi 35 hudai siku moja ya kupumzika. Mirusho 36 hadi 50 hudai siku mbili, 51 hadi 65 siku tatu, na 66 au zaidi siku nne.

Aidha, mwongozo huo unapendekeza angalau miezi minne kwa mwaka bila kurusha, miwili au mitatu kati yake ikifuatana. Mrushaji hafai kuchezea timu mbili ambazo misimu yake inaingiliana, kwa kuwa kila kocha huhesabu mirusho yake tu na hakuna anayejua jumla. Wala hafai kuhamishiwa nafasi ya mdakaji akitoka kwenye tuta, kwa sababu mdakaji naye hurudisha mpira kila mara.

Mazoezi yanayofaa

Mrushaji huanza kwa kupasha mwili moto hadi atokwe na jasho, ndipo ashike mpira. Kukimbia polepole, kuruka na kuzungusha mikono hutosha. Kisha hurusha taratibu kwa umbali mfupi na kuongeza umbali kidogo kidogo. Kurusha hakupaswi kutumiwa kuupasha moto mkono uliobaridi.

Mazoezi ya nguvu huelekezwa kwanza kwenye miguu, nyonga, tumbo na mgongo, kwa kuwa huko ndiko nguvu inakotoka. Mkono wa mtu mwenye miguu na kiwiliwili dhaifu hulazimika kufidia upungufu huo. Baada ya hapo huja misuli midogo inayolizunguka bega na ile inayolishikilia kombe la bega. Hii hujengwa kwa mipira ya kunyumbulika au vyuma vyepesi, kwa kurudia mara nyingi bila pupa. Misuli ya nyuma ya bega ndiyo breki ya mkono baada ya mpira kuachiliwa, na mara nyingi ndiyo inayosahauliwa.

Tahadhari inahitajika kuhusu mipira mizito inayouzwa kwa ahadi ya kuongeza kasi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, vijana wa miaka 13 hadi 18 walioitumia kwa wiki sita waliongeza kasi yao kidogo, lakini karibu robo yao waliumia. Kundi lililofanya mazoezi ya kawaida halikupata jeraha.

Dalili za kusimamisha

Uchovu huonekana kabla ya maumivu. Mipira huanza kwenda juu ya shabaha, kasi hupungua, kiwiko hushuka chini ya bega, na mrushaji hukawia kati ya mrusho mmoja na mwingine. Kocha anayeziona dalili hizi humtoa hata kama hesabu haijafika kikomo.

Misuli kukakamaa siku ya pili ni jambo la kawaida. Maumivu ndani ya kiungo chenyewe, kiwiko kisichonyooka kikamilifu, uvimbe, au vidole kufa ganzi si kawaida, na hayo ni ya daktari. Kumpa mtoto dawa ya kutuliza maumivu ili amalize mchezo ni kuficha moshi na kuuacha moto. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nani mwenye kauli ya mwisho

Kanuni zote hizi hujaribiwa siku ya fainali. Nchini Japani, mashindano ya shule za sekondari ya Koshien yamekuwa yakisifu uvumilivu wa mrushaji kwa vizazi. Mwaka 1998 Daisuke Matsuzaka alirusha mara 250 katika mchezo mmoja wa vipindi 17 na kuwa shujaa wa taifa. Mwaka 2018 Kosei Yoshida alirusha mara 881 katika mashindano mamoja.

Mwaka uliofuata, shule ya Ofunato katika mkoa wa Iwate ilifika fainali ya mkoa ikiwa na Roki Sasaki, kijana aliyekwisha kurusha kwa kasi ya kilomita 163 kwa saa. Shule hiyo haikuwa imefika Koshien tangu mwaka 1984. Sasaki alikuwa amerusha mara 194 katika mchezo mmoja na 129 katika nusu fainali siku moja kabla. Kocha wake alimweka benchi ili asiumie. Ofunato ilishindwa 12-2, na shule ikamiminiwa simu za watu waliokasirika.

Mwishoni mwa mwaka huo, wasimamizi wa mchezo huo shuleni waliidhinisha kikomo cha mirusho 500 kwa wiki. Mnamo Aprili 2022 Sasaki, akiwa na miaka 20, aliwatoa wapigaji 19 katika mchezo ambao hakuna mpinzani aliyefika kituo cha kwanza. Mwaka 2025, akiwa na Dodgers, bega lilimweka nje kwa miezi kadhaa, ishara kwamba hata mkono uliotunzwa hauna dhamana. Aliyoipata kutoka kwa kocha wake ni nafasi ya kufika huko.

Somo hilo linaihusu pia Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto kutoka Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League nchini Marekani. Pale ambapo timu ina mrushaji mmoja hodari na hospitali ya kupasua kiwiko iko mbali, kishawishi cha kumtumia kila siku ni kikubwa na gharama ya kukosea ni kubwa zaidi. Kinachohitajika ni daftari, kalamu, na mtu mzima mmoja asiyecheza ambaye kazi yake ni kuhesabu na kuandika jina, tarehe na idadi. Mtoto akiulizwa kama amechoka, mara nyingi atasema hapana. Daftari ndilo lenye jibu la kweli.